Bata Walioliruka Tope Langu

Bata wa bibi jirani yangu walianza kupita mbele ya baraza langu wakati wa kiangazi, kila asubuhi, kwa mstari, bila haraka, kama watu wanaokwenda kazini. Mimi nilikuwa nimekaa. Mimi huwa nimekaa. Mke wangu ana banda la chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, hurudi Chanzuru Jumapili kunitazama, na huwaambia wateja wake kwamba ameolewa na kiti chenye mtu juu yake. Wanaume wenzangu wa hapa wananiita kuku anayeatamia. Sijawahi kulipinga jina hilo, maana kulipinga kungetaka niondoke barazani niwafuate waliko.

Nilikuwa naamini kwamba mtu asiyetoka kwake hamdhuru mtu. Mwizi hutoka, mgomvi hutoka, mchonganishi hutembea nyumba hadi nyumba. Mimi nakaa. Huo ndio ulikuwa uungwana wangu, na sikuwa na mwingine wa akiba.

Naomba nieleze mfereji, kwa sababu bila mfereji hakuna cha kueleza. Ulichimbwa zamani, babu zetu walipokuja huku kukata mkonge, nao unachepusha maji kutoka mtoni. Ukifika kwetu unapita kwanza nyuma ya jiko langu. Halafu unapakana na shamba langu la nyanya, na mwisho wa shamba kuna mkato ambao maji yaliyozidi kwenye matuta hurudi mferejini. Mbele kidogo ni mahali ambapo wafugaji huwanywesha ng'ombe wao. Mbele zaidi ni kwa bibi mwenye bata. Jiko langu, nyanya zangu, ng'ombe, bibi. Kesi nzima imekaa katika mpangilio huo.

Nyanya za huku zina mdudu tunayemwita kanitangaze. Akiingia shambani anachimba njia ndani ya majani, kisha anahamia kwenye tunda, na ukichelewa unavuna matundu yaliyozungukwa na nyanya kidogo. Madereva wa malori wanaokula kwa mke wangu hawataki kuona tundu. Kwa hiyo tunapiga dawa, na tunapiga sana. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Zamu yangu ya maji ni Ijumaa asubuhi. Wenzangu walipiga dawa siku yoyote waliyoamka na nguvu, lakini mimi niliona kwamba kwenda shambani siku hii na kurudi tena siku ile ni kuonea miguu. Nikaviweka vitu viwili pamoja: Alhamisi jioni napiga dawa, buti naziacha mlangoni na tope lake, Ijumaa nazivaa tena nafungulia maji, na wiki imekwisha. Maji yakishapita kwenye matuta yote, bomba la dawa nalisuuzia palepale kwenye mkato, kwani maji yanakwenda. Nilijiona nimevumbua kitu. Wawili watatu waliniiga.

Waliniiga kwa sababu mimi ndiye msomaji wao. Nilimaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu hakijafa chote. Watu wakirudi na chupa kutoka duka la pembejeo kule Mabwerebwere hunipitishia barazani niwasomee maandishi madogo. Nawasomea kipimo, nawasomea siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kuna mstari unaosema usimwage dawa hii kwenye mto, bwawa au ziwa, na pembeni kuna picha ya samaki aliyelala vibaya. Huo nilikuwa nauruka. Nilishaufikiria siku moja nikaona mfereji wetu si mto, si bwawa, si ziwa, na samaki hauna.

Basi, bata. Baada ya siku kadhaa za kupita kwao, bibi alikuja kuwafuata, na fimbo mkononi.

"Hodi humu. Au umelala umekaa?"

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bata wangu umewaona?"

"Wako nyuma ya jiko. Wamepita hapa hawakunisalimu."

"Bata wana akili, hawasalimii fanicha." Akaegemea nguzo. "Hebu niambie, baba. Mfereji unapita mlangoni kwangu. Kwa nini watembee njia yote hii, wapite kwa ng'ombe, wapite shamba lako, waje kutia midomo nyuma ya jiko lako?"

"Labda wanapenda mapishi yangu."

"Mapishi yako hata paka yalimshinda." Hakucheka. "Wamekonda. Kwangu wanatia mdomo topeni mara moja, wanautikisa, wanatoka. Sijawahi kuona bata anakataa tope. Bata na tope ni kitu kimoja."

Nikamwuliza anadhani nini.

"Sidhani, najua. Ni hawa wafugaji. Wanawaogesha ng'ombe dawa ya kupe, halafu wanawaingiza majini ngozi mbichi. Wameniulia chakula cha bata wangu. Nimeshamwambia mwenyekiti wa mfereji. Pale pazibwe."

Nilitikisa kichwa kwa huruma, kile kichwa cha mtu ambaye hayamhusu. Bibi aliwaswaga bata wake kurudi chini, na kesho yake asubuhi wakapita tena.

Mwenyekiti wa mfereji naye alikuja, akasimama uani bila kukaa, kwani anajua kwangu ukikaa huondoki.

"Jumamosi tunakata miiba, tunapaziba pale pa ng'ombe. Wewe unasemaje?"

"Mimi naungana na wengi."

"Wengi hawajasema bado."

"Wakishasema, nimo."

"Utakuja?"

"Nitakuwa pamoja nanyi," nikamwambia, na akaelewa kwamba siji.

Hivyo ndivyo nilivyopiga kura. Sikunyanyua hata mgongo.

Kuna mama wa kifugaji anayeniletea maziwa. Anapita asubuhi na dumu lake, ananimiminia kwenye sufuria, na kwa sababu yeye haongei sana, nami naongea peke yangu kuanzia alfajiri, tunaelewana. Mume wake huwa mbali na kundi kubwa. Yeye amebaki hapa na ng'ombe wa maziwa na ndama. Siku ile baada ya mwenyekiti kuondoka, alimimina maziwa kisha hakuondoka.

"Wanasema ng'ombe wangu wameua maji," akasema.

"Nimesikia."

"Sisi tunaogesha ng'ombe kule juu, kwenye boma. Wanakauka kwanza. Nimemwambia mwenyekiti. Anasema bata hawadanganyi."

"Wakiziba, mtanywesha wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa Mikumi. "Huko. Maji yapo, lakini ni karibu na mpaka wa hifadhi. Ng'ombe hajui mpaka. Akivuka anakamatwa, na ukimfuata unakamatwa na wewe. Mwaka jana shemeji yangu alirudi na fimbo tu." Akafunga dumu. "Wewe ni mtu wa mfereji. Wanakusikiliza, unawasomea chupa. Sema neno."

"Tutaona, mama."

Akanitazama jinsi nilivyokaa. "Utaona kutokea hapo?"

Nilicheka, yeye hakucheka, akaenda zake.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo alikuja mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma chuo kule Morogoro mambo ya samaki na viumbe wa majini. Alikuja kupumzika likizo. Alinikuta narudi shambani jioni, bomba mgongoni, kitambaa usoni.

"Shikamoo mjomba. Umetoka nje. Kuna msiba?"

"Marahaba. Nyanya ndizo zimenitoa."

"Nyanya zina nguvu kuliko shangazi wote wa ukoo."

Asubuhi aliwaona bata. Mimi niliwaona kwa wiki nzima nikaona bata tu. Yeye alisimama na kikombe chake cha chai, akawatazama mpaka chai ikapoa, akauliza wanakula nini hapo na kwa nini hawali kule walikotoka. Nikamweleza habari ya bibi, ya ng'ombe na ya miiba ya Jumamosi. Akaingia jikoni akatoka na sahani nyeupe na chujio langu la chai.

"Hicho ni cha chai, mwanangu."

"Nimeionja chai yako, mjomba. Tope halitaharibu kitu."

Alichuchumaa ukingoni nyuma ya jiko, akachota tope la chini kwa kikombe, akalimwaga kwenye chujio, akalisuuza taratibu mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Kisha akapindua chujio juu ya sahani yenye maji kidogo. Niliona mchanga na vipande vya majani. Nikasubiri, kwa heshima. Halafu mchanga ukaanza kutembea.

Kulikuwa na vidudu vyekundu, vyembamba kama uzi, vikijikunja na kujikunjua. Kulikuwa na vingine vyenye mikia mitatu, vimejibandika kwenye ukingo wa sahani vikipepea ubavuni. Kimoja kilikuwa kimejishonea koti la punje za mchanga na kilikuwa kinaliburuta, kichwa nje, kama mtu aliyehama na godoro lake. Kisha akajitokeza mmoja mnene, macho makubwa, sura ya mzee aliyeamshwa.

"Huyu ni kereng'ende," mpwa wangu akasema.

"Kereng'ende anaruka."

"Akishakua. Utoto wake wote anaumaliza hapa chini. Anakaa topeni, hatoki, anangoja chakula kimpitie karibu."

"Mtu wa maana huyo."

"Nilijua mtaelewana."

Nimeishi juu ya mfereji ule tangu nizaliwe. Nimeoga humo, nimevua buti humo, nimetema mate humo, na sikuwahi kujua kwamba chini kuna kijiji kizima. Niliona aibu ndogo, ya kupendeza, ile ya mtu aliyegundua ana majirani. Nikasema twende tuwaone na wale wa chini. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa na furaha.

Tukashuka ukingoni, tukalipita shamba la nyanya, na mbele kidogo ya mkato wangu akachota tope. Lilikuwa laini kuliko la juu, lenye rangi ya udongo wa shamba. Akalisuuza, akapindua chujio. Tukangoja mchanga utembee. Haukutembea. Akachota tena, upande wa pili, kwenye kivuli. Safari hii ikatokea minyoo miwili myembamba, ikajisokota, basi.

"Hiyo minyoo huishi hata kwenye mtaro wa choo," akasema. "Ukiiona peke yake, wengine wamekwisha."

"Ni wale ng'ombe," nikasema haraka.

"Ng'ombe wananywa wapi?"

"Pale mbele. Penye kwato."

"Kwa hiyo hapa tulipo tuko juu ya ng'ombe."

"Ndiyo."

"Dawa ya kupe ingepanda mfereji ije huku?"

"Haiwezi."

"Pale nyuma ya jiko sahani imejaa. Hapa haina kitu. Hapo katikati kuna nini?"

Nikageuka nikazitazama nyanya zangu. Zilikuwa nzuri, Mungu anisamehe. Majani hayana tundu.

"Kuna mimi," nikasema.

Hakunicheka, na hapo nikajua mambo si madogo. Aliuliza napiga dawa lini, nikasema Alhamisi. Aliuliza namwagilia lini, nikasema Ijumaa. Akasema, "Leo ni Ijumaa, mjomba."

Nikajaribu kujitetea kwa maji. Nikamwonyesha yalivyo safi, unaona mpaka chini. Akasema maji yanaonekana safi kwa kuwa yanapita, lakini dawa za namna hii hung'ang'ania udongo. Nikifungulia maji asubuhi juu ya dawa ya jana jioni, udongo wa juu wa matuta unatoka nayo, na ukifika hapa maji yanapopunguza mwendo, unatua. Unarundikana wiki baada ya wiki. Wanaoishi chini wanaula udongo huo, wanapumua ndani yake, wanalala ndani yake.

"Samaki akihisi dawa anaweza kukimbia," akasema. "Huyu mwenye koti la mchanga atakimbilia wapi? Hapa ndipo kwake."

Nimesemwa na watu wengi katika maisha yangu na wengi walikuwa na sababu. Hakuna neno lililowahi kunikaa kifuani kama hilo, ambalo hata hakulisema kwa kunisema.

Nilimwomba aende yeye kwenye mkutano wa Jumamosi, na sahani zake.

"Mimi mgeni," akasema. "Nikisema mimi, watasema msichana wa chuo kaja kuwatetea wafugaji. Wewe ukisema, unajisema mwenyewe. Hilo watalisikiliza, hata kwa ajili ya kufurahi."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka kama nilivyouruka ule mstari wa chupa.

Zamu yangu ilifika palepale. Jirani wa juu aliita kwamba amefunga kwake, maji ni yangu. Nyanya zilikuwa zimetoa maua, udongo umepasuka, na nikikosa zamu ile naingoja Ijumaa nyingine. Maua yote yangedondoka. Dawa ya jana ilikuwa imekauka juu ya kila jani. Nilikuwa najua kila kitu nilichohitaji kujua. Nilikuwa nimejua kwa muda wa kutosha kunywa chai.

Nilifungulia.

Nilijiambia nitaziba mkato. Nikajaza udongo kwenye viroba, nikavipanga, mpwa wangu akanisaidia, na kwa muda maji yalitulia kwenye matuta, na mimi nikasimama nimeshika jembe nikijiona mtu aliyebadilika. Halafu viroba vikaanza kuvuja pembeni. Nikaongeza udongo. Ukaondoka. Mwishowe ukingo wote ukamegeka na maji yakatoka kwa pamoja, mazito, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, yakaingia mferejini yakashuka kuelekea penye kwato. Ng'ombe wa yule mama walikuwa ndio wanateremka. Nilimwona yeye mwenyewe nyuma yao, ananipungia mkono. Na mimi nikampungia. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea, nikampungia.

Siku ile sikukaa barazani. Nilijaribu, kiti kikawa na mifupa.

Jumamosi nilikwenda. Waliponiona, mmoja akauliza nani kafa, na mwingine akasema angalieni, yai limetotolewa. Miiba ilikuwa imeshakatwa na kurundikwa, nusu ya mahali pa kunyweshea imeshazibwa. Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo, fimbo magotini. Yule mama alisimama upande wa pili wa mfereji, peke yake, ng'ombe nyuma yake. Aliponiona uso wake ulifunguka. Alidhani nimekuja kusema lile neno.

Nikaamkia wakubwa wote, shikamoo baada ya shikamoo, nikaongeza na zisizohitajika ili kusogeza muda. Mwenyekiti akasema, "Umekuja kuungana na wengi?"

"Nimekuja kusema si ng'ombe. Ni mimi."

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Walicheka kama watu wanaocheka fanicha ikizungumza. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikianza na kereng'ende, nikarudi kwenye Alhamisi, nikaingia kwenye sahani. Mpwa wangu akapitisha sahani mbili ambazo alikuwa amezijaza asubuhi ile, ya juu ya shamba na ya chini, na watu wakaziinamia. Kicheko kikapungua. Wale wawili watatu walioniiga siku za kupiga dawa wakaacha kunitazama na kuanza kutazama miiba.

"Ukisema hivyo," mwenyekiti akasema polepole, "hujisemi peke yako. Hapa nani hapigi dawa? Nani hasuuzi bomba?"

"Mimi najisema mimi. Mkato ule ni wangu. Na chupa zenu nilizisoma mimi."

"Na zilisemaje kuhusu maji?"

"Zilisema. Sikuwasomea."

Bibi akagonga ndoo kwa fimbo. "Mboga zangu naoshea humu," akasema. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. "Wewe mtoto nimekupokea ukizaliwa. Nimekuja kwako na fimbo yangu, nikakuuliza, ukanitikisia kichwa."

"Siku ile nilikuwa sijui, bibi."

"Lini umejua?"

Nikasema jana asubuhi. Ilikuwa kweli, na nilipoisema tu nikaona mama wa maziwa ng'ambo ya mfereji anainua uso. Alikuwa anafuata maneno yetu yote.

"Jana asubuhi," akasema. "Maji ya jana, yale mazito, yalikuja baada ya hapo."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umejua."

"Nilikuwa nimejua."

"Na ulinipungia mkono."

Kuna makosa ambayo mtu anayaeleza, na kuna mkono ulionyanyuka hewani.

Mwenyekiti akakohoa, akasema basi miiba iondolewe, mfugaji hana kosa. Kijana mmoja akauliza sasa hii miiba yote tuipeleke wapi, na mwenziwe akajibu tumzibe mjomba mlango. Hapo wakacheka tena, wakapata nafuu. Nikaingia majini kuanza kuivuta mwenyewe. Mama yule akanizuia.

"Iache. Utoe usitoe, ng'ombe wangu hawanywi hapo tena."

Nikabaki na tawi mkononi. Nilikuwa nimekuja kumrudishia maji yake, na katika kumrudishia nimemwambia yalivyo. Akatazama upande wa Mikumi, na mimi nikatazama huko, nikamwona akilini shemeji yake anarudi na fimbo tu.

"Safi ni wapi?" akamwuliza mpwa wangu. Mimi hakuniuliza.

"Juu ya shamba la mjomba. Nyuma ya jiko lake."

"Basi watakunywa huko."

Njia ya kufika nyuma ya jiko langu ni moja: inapita uani, mbele ya baraza, katikati ya kiti na mpapai. Nikasema karibuni. Mpwa wangu, ambaye hakuwa na huruma hata chembe siku ile, akaongeza kwamba ng'ombe wasiingie mferejini wenyewe, kwato zitavuruga tope lile na ndilo pekee lililobaki hai, bali wachotewe.

"Achote nani?" mwenyekiti akauliza, na watu wote wakanigeukia kwa upendo mkubwa.

Tangu hapo mambo yamekwenda hivi. Mwisho wa shamba nimechimba shimo pana ambamo maji ya matuta huishia, hayarudi mferejini; limekula mistari ya nyanya iliyokuwa mizuri kuliko yote. Siku ya dawa nimeitenga mbali na siku ya maji, buti zinatoka mara mbili. Bomba nalisuuzia shimoni. Mmoja wa wale walioniiga amechimba la kwake; wengine wanasema wataona, na naijua sauti hiyo, ni yangu. Watu wakileta chupa nawasomea kila mstari mpaka wanasinzia. Mpwa wangu hupiga simu kutoka Morogoro ananituma na sahani chini ya mkato. Nachota, nasuuza, nangoja. Minyoo ipo. Wenye makoti hawajarudi. Anasema udongo ule unaweza kukaa na dawa yake kwa misimu, na kwamba wa juu watashuka wenyewe polepole siku watakapokuta pa kuishi. Nilimwuliza kama naweza kuwabeba kwenye sahani niwapeleke chini. Akasema, "Mjomba, ungewapeleka wakafe."

Na ng'ombe wanakuja. Mke wangu Jumapili ya kwanza aliwakuta uani akarudi hadi barabarani kuhakikisha ni nyumba yetu. Nimepasua pipa katikati nikalilaza kando ya jiko, nachota maji kwa ndoo namimina, nao wanakunywa kwa pumzi ndefu zinazovuta pipa zima. Ng'ombe mwenye kiu hana shukrani na hana haraka. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Yule mama husimama kando na fimbo yake. Maziwa bado ananiletea, ananimiminia kipimo kilekile, wala hazidishi wala hapunguzi, na hilo silijui kama ni msamaha au ni biashara.

Juzi nilikusanya ujasiri. Nilikuwa nimemaliza ndoo, jasho linanitiririka, nikaona huenda hali yangu inatia huruma ya kutosha. Nikamwuliza kama bado ana kinyongo na mimi.

Akainama akatazama ndani ya pipa, kisha akahesabu migongo kwa macho.

"Yule mweupe hajanywa," akasema.

Nikachukua ndoo.